Mgeni Aliyekuja Kutoa Pole

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Msemaji alimaliza kidato cha nne shuleni hapa mwaka 1997, na sasa ni mtumishi wa serikali Dodoma.)



Kamati iliponiandikia barua iliniomba nizungumze juu ya mchango wa walimu wa kigeni katika shule yetu. Ni mada nzuri, na mtu wa ofisini kama mimi angeweza kuijaza kwa hesabu za walimu wangapi walitoka wapi na walikaa miaka mingapi. Nimeanza kuiandika hotuba ya namna hiyo mara mbili, na mara mbili nimeichana. Leo nitazungumza juu ya mwalimu mmoja tu, na juu ya jambo moja nililomfanyia, ambalo sijapata kulisema mbele ya watu. Mke wangu analijua, mama yangu analijua, na baba yangu alilijua.

Mwalimu mwenyewe sitamtaja jina, kwa kuwa yu hai na hakuniruhusu. Waliosoma hapa mwaka 1995 na 1996 watamkumbuka kwa jina tulilompa sisi, Bwana Eksi, maana kila hesabu kwake ilianza na herufi hiyo. Alikuwa Mwingereza, kijana wa miaka 24, mrefu, mwenye masikio mekundu. Alikaa katika ile nyumba ya mwisho karibu na mikaratusi. Mimi nilikuwa namtekea maji kila Jumamosi, naye alinilipa kwa madaftari. Kwa hiyo nikawa, bila kuchaguliwa na mtu, mkalimani wake wa mambo ya hapa.

Kabla sijaendelea nawaomba mnivumilie nirudi nyuma kidogo, kwa sababu Bwana Eksi hakuwa Mzungu wa kwanza kukaa Karagwe akiandika habari zetu kwenye daftari. Mwezi wa Novemba 1861, Speke na mwenzake Grant walifika kwa Mukama Rumanyika, pale Bweranyange. Speke aliendelea na safari ya Buganda Januari iliyofuata, lakini Grant alikuwa na kidonda mguuni, akabaki kwetu mpaka Aprili. Kitabu cha Speke kilitoka mwaka 1863, na ndani yake ameeleza jinsi alivyompima mwanamke mmoja mnene wa nyumba ya kifalme, mkono, kifua na paja, kama fundi anayepima mbao. Nilipoisoma sehemu hiyo nikiwa Chuo Kikuu nilikasirika sana. Lakini katika kitabu hicho hicho yameandikwa pia maswali ya Rumanyika. Alitaka kujua kama jua tunaloliona leo ndilo lile la jana, au kila siku huja jipya. Mgeni alikuwa anampima mwenyeji, na mwenyeji naye alikuwa anampima mgeni, ila mwenyeji hakuwa na kalamu. Tena kati yao alikuwako Sidi Mubarak Bombay, mkalimani, ambaye aliyapokea maneno upande mmoja na kuyapeleka upande wa pili. Ni nani ajuaye aliyapeleka namna gani? Mimi ninayesema hivi nilikuwa Bombay wa Bwana Eksi, na nakiri kwamba sikuyapeleka yote sawasawa.

Mambo yaliyomshangaza yalikuwa mengi. Saa zetu zilimpotosha mwezi mzima. Akiambiwa mkutano ni saa mbili, alikuja jua likiwa limeanza kushuka, akakuta watu wameshatawanyika. Kuitwa "Mzungu" na watoto wote wa njia ya kwenda Omurushaka kulimchosha. Senene alizikataa msimu wa kwanza, na msimu wa pili akawa anagombea na sisi chini ya taa ya bweni. Hayo ni madogo, kila mgeni hupitia.

Kubwa lilikuwa mlango. Kwao, mtu akirudi kazini hufunga mlango wake, akasoma au akapumzika, na majirani wakiona umefungwa humwacha. Kwetu wakati ule, mlango uliofungwa mchana una maana kwamba mwenye nyumba ni mgonjwa, au amefiwa, au amekosana na watu. Basi Bwana Eksi akafunga mlango. Mama wa nyumba ya pili akaja kuuliza hali. Akamjibu hajambo, akafunga tena. Jirani yule akaenda kuwaeleza wenzake kwamba mwalimu hataki kusema ugonjwa wake, jioni wakaja watatu na mkungu wa ndizi. Kesho yake akaja mwinjilisti. Kadiri alivyofunga ndivyo walivyozidi kuja, na kadiri walivyozidi kuja ndivyo alivyofunga. Aliniuliza, "Wanataka nini kwangu?" Nilimwambia wanataka kumwona tu. Hakuamini. Mwishowe nilimshauri awe anaacha mlango wazi na kukaa kibarazani na kitabu chake nusu saa kila jioni. Akafanya hivyo, watu wakapita, wakamsalimu, wakaenda zao. Nafikiri huo ndio ushauri wa kwanza wa kitaalamu niliopata kuutoa, na sikulipwa posho.

La pili lilikuwa kuombwa. Alilalamika kwamba watu hapa hawana adabu ya kuomba. Mtu humwambia "Nipe chumvi", "Niazime baiskeli", bila lile neno lao la kutangulia, na akishapewa huondoka bila kushukuru. Nilikuwa na miaka 16 na sikujua kumweleza. Sasa ningemweleza kwamba katika Kinyambo adabu haikai kwenye neno moja linalobandikwa mbele ya ombi, hukaa katika sauti, katika namna mtu anavyoinama, katika salamu ndefu iliyotangulia. Na shukrani haisemwi mlangoni ikaisha. Aliyepewa chumvi leo atatokea baada ya wiki tatu na mafungu ya maharage, na wala hatataja chumvi. Bwana Eksi alipokea maharage mengi mwaka ule akidhani watu wa Karagwe hugawa maharage ovyo.

Nami, kama nilivyosema, sikuwa mkalimani mwaminifu. Nilipokuwa sijui jibu nililitunga. Aliniuliza kwa nini kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya porini na kukaushwa, hupewa mgeni kabla ya chakula. Nilimjibu ni dawa ya kuzuia uchovu wa safari. Huenda ni kweli, sijui, lakini niliitunga pale pale, naye akaandika. Kama kuna daftari jeusi mahali fulani Uingereza lenye makosa juu ya Wanyambo, wanahistoria wakija kulitumia, lawama ni zangu.

Sasa nifike penyewe.

Baba yangu alikuwa mkulima upande wa Nkwenda. Siku hizi ni wilaya ya Kyerwa, lakini mpaka mwaka 2012 yote ilikuwa Karagwe. Alikuwa na kibanja kizuri cha migomba na kahawa. Mwaka 1995 mama aliugua, na ili apate fedha za hospitali baba aliiuza kahawa yetu ikiwa bado mtini, kwa ile biashara ya butura ambayo wazee mliopo hapa mnaijua bila mimi kuieleza. Kwa vijana nitasema hivi tu: mwenye fedha hununua kahawa yako ikiwa maua, kwa bei ya maua, na wakati wa mavuno hukuacha uichume kwa mikono yako umpelekee. Mama alipona. Kahawa ikaenda. Ada yangu ya muhula wa pili haikuwapo, nami nikarudishwa nyumbani pamoja na wenzangu kama kumi.

Nilikaa nyumbani wiki mbili, kisha nikarudi shuleni mikono mitupu nikitumaini kwamba hawataniona. Jumamosi nikapeleka maji kama kawaida. Bwana Eksi akauliza nilikuwa wapi. Nikafungua kinywa kusema ada, likatoka neno jingine. Nikasema, "Baba amefariki."

Mnaokumbuka miaka ile mtaelewa kwa nini neno hilo lilitoka kwa urahisi. Ukimwi uligunduliwa nchini mara ya kwanza mkoani kwetu, mwaka 1983, na kufikia wakati wetu katika kila darasa walikuwako waliofiwa na baba, au mama, au wote wawili. Tulikuwa tumeanza kidato cha kwanza mwaka 1994, mwaka ambao wakimbizi wa Rwanda walivuka mto Kagera kwa maelfu, na tuliona njiani watoto wa umri wetu wasio na mtu hata mmoja. Kifo kilikuwa habari ya kuaminika kuliko habari yoyote. Tena ilijulikana kwamba Bwana Eksi huwalipia ada yatima. Sikupanga, lakini pia siwezi kusema kwamba sikujua.

Aliweka kalamu chini. Akasema pole, akanishika bega, akaingia ndani. Jumatatu niliitwa kwa mhasibu nikaambiwa nimelipiwa mpaka mwisho wa mwaka.

Basi. Hakuuliza zaidi, hakuja nyumbani. Na hili, Ndugu Mwenyekiti, ndilo lililoniokoa wakati ule. Kwa maana sisi wanafunzi tulikuwa tumekwisha kumhukumu kwamba hana moyo. Mwenzetu akifiwa, Bwana Eksi alimpa mkono, akasema pole, na dakika iliyofuata aligeukia ubao na milinganyo yake. Hakwenda matangani hata mara moja. Tulisema Wazungu hawana huzuni. Mimi nilisema kwa sauti kuliko wengine, huku nikila matunda ya kasoro hiyo.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikafa nayo zaidi ya watu 800. Sitaki kuieleza siku ile, kila mtu wa Kagera wa umri wangu ana mahali alipokuwa aliposikia redio. Mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu alipoteza dada yake mkubwa. Shule ilituma ujumbe kwenda nyumbani kwao, wanafunzi sita na walimu wawili, na kwa sababu walimu wengi nao walikuwa na misiba yao, mmoja wa wale wawili akawa Bwana Eksi.

Tulifika, tukaingia, tukakaa chini kwenye nyasi zilizotandazwa. Hakuna aliyesema neno. Wengine waliingia, wakakaa, wengine wakatoka. Bwana Eksi alikaa na miguu yake mirefu imekunjwa vibaya, akitutazama mmoja mmoja akingoja lianze lile lililotuleta. Saa moja, saa mbili, saa tatu zikapita. Baba wa marehemu akaja akakaa karibu naye, naye hakusema kitu. Kisha tukaaga tukaondoka.

Njiani aliniuliza, "Tumefanya nini pale?"

Nikamwambia, "Tumekaa."

Alinyamaza mpaka tulipofika barabara kuu. Halafu akauliza, "Na nyumbani kwenu, alipofariki baba yako, watu walikaa siku ngapi?"

Nikajibu siku nne. Nilitaja tarakimu ya kwanza iliyonijia.

"Na mimi sikuja," akasema.

Sikuielewa hatari ya maneno hayo. Nilifikiri ni masikitiko tu ya mgeni, yatapita. Jumamosi iliyofuata nilipeleka maji nikakuta nyumba imefungwa na baiskeli haipo. Mlinzi akaniambia mwalimu ameondoka alfajiri, amechukua jina la kijiji chetu na la balozi wetu kutoka ofisini, na amepita dukani Omurushaka kununua sukari na sabuni, kwa kuwa aliuliza watu hupeleka nini kwenye msiba. Akaongeza kwa furaha, "Amekwenda kwenu kutoa pole!"

Naomba wanafunzi mliopo mfikirie mwendo wa damu yangu saa ile. Nilifikiri kukimbia. Nilikokotoa kama ningeweza kupita njia ya mkato ya mabonde nikafika kabla yake, nikaona haiwezekani. Nikarudi bwenini nikalala chali mchana kutwa. Usiku nikasikia baiskeli. Jumapili alinisalimu kama kawaida. Jumatatu alifundisha kama kawaida. Mwezi wa Juni tukafunga shule, na mimi nikawa mtu pekee wa kidato cha tatu asiyetaka likizo.

Yaliyotokea nyumbani nilisimuliwa na mama, jikoni, siku niliyofika. Baba alikuwa kibanjani anapunguza majani ya migomba. Akaja Mzungu amejaa vumbi kutoka nywele mpaka viatu, akaegemeza baiskeli, akasalimu vizuri kwa Kiswahili, na kusema amekuja kutoa pole kwa kifo cha baba yake fulani, na kwamba anaomba radhi kwa kuchelewa mwaka mzima. Mama alitaka kupiga kelele. Baba akainua mkono wenye mundu kumnyamazisha, akaweka mundu chini, akajifuta mikono. Akasema, "Karibu ndani, Mwalimu. Pole tumeipokea. Mimi pia ni baba yake."

Mnajua kwa desturi zetu hilo si uongo. Ndugu wa baba yako ni baba yako, na mtoto mmoja anaweza kuwa na baba wanne. Wakaingia. Wakakaa. Mama anasema walikaa muda mrefu sana bila kusema neno, Mzungu na baba, katika matanga ya baba mwenyewe. Kisha baba akaleta kahawa ya kutafuna katika kile kikapu kidogo, mama akapika ndizi, wakala. Baba akamsindikiza mpaka njia panda. Aliporudi mama alimwuliza, "Sasa mtoto huyu tutamfanya nini?" Baba akasema, "Hakudanganya sana." Akachukua mundu wake akarudi migombani.

Jioni ile baba alinisalimu, akauliza masomo. Baada ya chakula alimwambia mama alete kile kifuko. Ilikuwa sukari, kilo mbili, katika karatasi ya kaki, haijafunguliwa. Wakati ule, nyumbani kwetu, sukari haikuwa kitu cha kukaa wiki tatu bila kufunguliwa. Baba akaifungua mwenyewe akatia vijiko vitatu katika kikombe changu.

Akasema, "Kunywa. Ni sukari ya matanga yangu. Nilikungoja."

Nilikunywa. Hakulitaja tena jambo hilo mpaka kufa kwake.

Bwana Eksi aliondoka Desemba 1996, mwezi ule ule ambao wakimbizi walirudishwa Rwanda, na magari ya abiria yalikuwa shida. Kabla ya kuondoka aliacha kwa mhasibu ada ya wanafunzi kadhaa ya mwaka mzima wa kidato cha nne, na mimi nikiwamo. Katika kumuaga alisoma kurasa chache za lile daftari jeusi mbele ya shule nzima. Alisoma habari za mlango na za maharage, tukacheka mpaka machozi. Alisoma habari ya kukaa. Na mwishoni alisema amejifunza kwamba katika nchi hii mtoto anaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja, na kwamba hilo ni jambo zuri. Niliangalia chini. Nilipoinua macho alikuwa anaangalia karatasi yake.

Miaka ikapita. Nikasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikawa mwalimu wa Kiswahili, na mwaka 2008 nikapata nafasi katika mpango wa Fulbright wa kupeleka walimu wa lugha Marekani. Nikapangiwa mji mmoja katika jimbo la Wisconsin. Yaani nikawa mimi Bwana Eksi.

Mtu akipishana nami ukumbini aliniuliza hali yangu, nami nikisimama kumjibu na kumwuliza ya watoto, alikuwa ameshafika ngazi. Jirani yangu wa chumba cha pili alifunga mlango wake siku saba mfululizo. Mnaweza kubahatisha nilifanya nini. Nilikwenda dukani nikanunua ndizi, nikagonga. Alifungua kidogo, akaziangalia ndizi, akaniangalia mimi, akauliza kama bomba la maji limepasuka. Usiku ule nilicheka peke yangu, halafu nikamkumbuka yule kijana wa mikaratusi na swali lake, wanataka nini kwangu.

Februari 2009 nilipigiwa simu alfajiri. Baba amefariki. Nauli ya kurudi sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo nisingewahi maziko. Theluji ilikuwa imefika magotini. Sikujua mahali pengine pa kwenda, nikaenda darasani. Somo la siku ile lilikuwa salamu na jamaa, na wanafunzi walitakiwa kuulizana. Msichana mmoja, kwa Kiswahili safi nilichomfundisha mwenyewe, akanigeukia akaniuliza, "Mwalimu, baba yako hajambo?"

Nikajibu, "Hajambo."

Baba akiwa hai nilisema amekufa. Siku aliyokufa nilisema hajambo. Nimehesabu mambo mengi katika kazi yangu, na hiyo ndiyo hesabu ambayo mpaka leo haijanikalia sawa.

Siku ya tatu niliwaambia. Walisema pole, wakatoka kengele ilipolia, nami nikasema moyoni yale yale tuliyoyasema bwenini, kwamba watu hawa hawana huzuni. Asubuhi yake nikakuta juu ya meza yangu kadi ya karatasi ngumu. Kila mwanafunzi alikuwa ameandika humo maneno yake mwenyewe kwa Kiswahili, pamoja na makosa. Mmoja aliandika, "Baba yako ni mwalimu mzuri kwa sababu wewe mwalimu mzuri." Waliandika usiku, na kamusi. Kadi hiyo ninayo, na sikuisahihisha. Nafikiri huko ndiko kukaa kwao.

Niliporudi nchini nilipata anwani ya Bwana Eksi kwa msaada wa mwalimu wetu mmoja mstaafu, na mwaka 2010 nikamwandikia barua ya kurasa nne nikieleza kila kitu. Jibu lilichukua miezi miwili. Lilianza kwa Kiswahili: "Pole. Ningekuwa karibu ningekuja kukaa." Kisha akaendelea kwa Kiingereza, akaeleza habari za mke wake na shule anayofundisha, na ukurasa wa mwisho ndipo alipogusa jambo langu. Aliandika kwamba alijua tangu siku ile ile. Pale nyumbani kwetu, ukutani, juu kidogo ya kiti alichopewa, ilikuwapo picha yangu ya kumaliza darasa la saba. Niko na yule mzee aliyempokea, ameweka mkono begani pangu, na chini baba alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino majina yetu sote wawili, lake na langu. Mimi niliyepita chini ya picha hiyo kila siku sikuwahi kuifikiria.

Akaandika kwamba aliitazama akiwa amekaa, akamtazama mzee, na mzee akaona kwamba ameitazama. Hakuna aliyesema kitu. Aliandika kwamba kama mtu anaweza kupokea pole ya kifo chake mwenyewe kwa utulivu ule ili mtoto wake asome, basi yeye hakuona sababu ya kurudi kwa mhasibu kudai fedha zake.

Ndugu Mwenyekiti, najua muda wangu umekwisha, na naona Mkuu wa Shule anatazama saa. Nimalizie kwa tangazo nililoombwa na kamati. Mfuko wetu wa ada kwa mwaka ujao umefunguliwa, na fomu za maombi ziko kwenye ile meza ya karibu na mlango, kwa mhasibu. Wanafunzi wenye shida wachukue leo leo. Wale waliochukua miaka ya nyuma wataona kwamba fomu imepungua mstari mmoja, ule uliouliza kama baba wa mwombaji yu hai au amefariki. Niliomba uondolewe, na kamati ilinikubalia bila kuniuliza sababu.